Walinipandisha Cheo, Mshahara Ukashuka

Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia keki, watu wamejaa sebuleni mpaka wengine wamekalia mikono ya makochi, simu ikatoa mlio.

Ujumbe wa benki.

Mshahara umeingia.

Mshahara wangu wa kwanza nikiwa Msimamizi! Sherehe yenyewe tulikuwa tumeipanga iangukie siku hiyo makusudi.

Nikaufungua palepale mbele za watu, ili tabasamu likae vizuri kwenye picha.

Nikasoma.

Nikasoma tena...

Jamani, pesa iliyoingia ilikuwa ndogo kuliko ya mwezi uliopita. Tena si ile ndogo ya kusema labda wamekata kitu fulani. Ndogo ya kukufanya utafute pa kukaa.

Nikainua macho. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi na kisu changu. Mtu mmoja tu alikuwa anaangalia sahani yake.

Shoga yangu wa ofisini. Yule tunayemwita Redio, kwa sababu hakuna habari inayompita bila yeye kuitangaza.

Na Redio, wapenzi wangu, ndiye anayeandaa mishahara ya ofisi yetu.

Keki nikaikata. Nikalishwa, nikalisha. Ukiziona zile picha leo utasema huyu dada ana raha zake. Kisha nikamshika Redio mkono, nikamwingiza jikoni, nikafunga mlango kwa kisigino.

"Ulijua?"

"Shoga, wageni wanakusubiri."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Akaiweka sahani kwenye sinki taratibu, kama vile ni ya mama mkwe.

"Nilijua. Wasimamizi hawalipwi ovataimu. Nilidhani barua uliisoma..."

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana najua kuna ambao tayari wananitukana.

Mimi ni mhasibu. Ofisi yetu inafunga hesabu za kampuni za watu: maduka, shule, wenye malori, mpaka wauza vigae. Na hakuna mteja anayetaka hesabu zake zifungwe polepole. Wote wanazitaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwaka ndiyo usiseme. Kwa hiyo kwetu, kutoka kazini jua likiwa bado linawaka ni kama kuokota noti barabarani. Inatokea, lakini huwezi kuipangia bajeti.

Tulivumilia kwa sababu moja. Ovataimu, malipo ya saa za ziada.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue kuhusu mimi. Mimi ni mtu wa watu. Nyumba yenye kimya inanipandisha homa. Nyumbani kwangu alikuwepo mama yangu, alikuwepo mdogo wangu wa kike anayesoma chuo, na alikuwepo shangazi, ambaye alikuja kututembelea wiki moja na mpaka leo neno "kurudi" halijamtoka mdomoni. Bado majirani na watoto wao. Ukipita kwetu jioni unaweza kudhani kuna msiba au kuna harusi.

Nyumba ya kutosha watu wote hao si ya bei rahisi. Mshahara ulikuwa unatulisha na kumsomesha mdogo wangu. Ovataimu ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba.

Ukiondoa ovataimu, umeezua paa.

Basi siku moja mkuu wa ofisi akaniita. Sisi tunamwita Mzee Mizania, kwa sababu kila jambo lake lazima pande mbili zilingane. Akikusifia huku, jua kuna mahali anakukata. Nililijua hilo. Nilikuwa nawaambia wengine.

Lakini siku hiyo alinivutia kiti mwenyewe. Akaniambia ameniona muda mrefu, kazi yangu ni safi, na kuanzia sasa mimi ni Msimamizi wa Hesabu. Akanipa kalamu yake, ile nzito ya kusainia mambo makubwa.

Nikasaini.

Mimi! Mtu ambaye kazi yangu ni kuwaita wakurugenzi wa watu na kuwauliza kwa nini wamesaini kitu ambacho hawakukisoma... nikasaini huku nachekacheka. Macho yangu yaliishia kwenye neno "Msimamizi", yakapiga kambi hapo.

Turudi jikoni.

Redio alilia. Akasema mishahara ni siri ya ofisi, akisema neno moja tu na kazi hana. Nikamkasirikia usiku ule, kesho yake mpaka mchana, halafu nikamsamehe. Nitafanyaje? Ofisi bila Redio ni kama nyumba bila dirisha.

Halafu kumbe sikuwa peke yangu. Mzee Mizania alikuwa anatuita mmoja mmoja, na kila mmoja ananong'onezwa kwamba wenzake wasijue kwanza, wataona wivu. Kufumba na kufumbua ofisi nzima tukawa Wasimamizi. Wa kusimamiwa hayupo.

"Msimamizi, nirushie stepla."

"Shika, Msimamizi."

Tulicheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyejigonga kidole cha mguu.

Aliyebaki bila cheo ni Redio peke yake. Tukamwonea huruma. Masikini, tukasema, amerukwa. Mimi nikawa namnunulia maandazi asubuhi ili asijisikie vibaya. Shikeni hapo kwenye maandazi, tutayarudia.

Kazi ikaongezeka. Mzee Mizania alipoona saa za jioni hazimgharimu kitu, akaanza kupokea wateja kama mtu anayepokea wageni wa harusi. Wa mgahawa karibu, wa gereji karibu. Na sisi tukawa tunabaki. Hakuna aliyetuambia tubaki, hiyo ndiyo ajabu yake. Saa kumi na moja jioni mwili unasema twende nyumbani, unaanza kukusanya vitu vyako, na hapo hapo Redio anapita na chupa ya chai.

Anavuta kiti. Anapunguza sauti.

"Mmesikia?"

Nani anaondoka hapo?

Alikuwa na kisa kimoja, kitamu hicho, kinamhusu mwenzetu anayeshughulika na mambo ya ushuru. Tumwite Bwana Ushuru. Mtu mpole, anakaa chumba cha pembeni, hasemi na mtu. Kumbe, kwa maelezo ya Redio, Bwana Ushuru ana wachumba wawili wanaoishi mtaa mmoja, milango inatazamana! Kila jioni kuna jipya. Leo mmoja kaona shati la Bwana Ushuru limeanikwa kwa mwenzake. Kesho kuna gari limeegeshwa katikati, kila mmoja anadhani limekuja kwake. Mpaka kisa kifike pa kukatia, nje kumeshakuwa giza, na mtu anasema, basi tumalizie na hili faili.

Usiku mimi nakibeba kisa kile nyumbani. Shangazi alikuwa ananisubiri mlangoni kwa ajili yake.

Sasa, mwenye nyumba wangu.

Alikuwepo kwenye sherehe. Alikula keki, akapewa na ya kubeba. Mwezi uliofuata akaja amevaa vizuri, akakaa kwenye kochi langu, akanipongeza upya. Akasema amefurahi sana kuona mpangaji wake amekuwa mtu mkubwa, na kwa kuwa mimi nimepanda, ni haki na kodi ya nyumba ipande kidogo. Mwezi ukiisha, nilipe mpya au nimwachie nyumba yake.

Nikamwambia mshahara wangu umeshuka. Akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anashuka kwa kupanda.

Hakuna aliyeamini, wapenzi. Hata ndugu. Kila aliyekuwa na shida alikuja kwa "bosi". Shangazi mwenyewe aliacha kuniita jina, akawa ananiita bosi, halafu sentensi inayofuata ni ya kuomba nauli.

Aliyeamini ni mama tu. Siku moja nimerudi nimechelewa kama kawaida, nikamkuta anakunja nguo zake.

Aliniambia ataenda kukaa kwa kaka yangu mkubwa. Kaka ana uwezo, ana nafasi, na mimi nitatafuta nyumba ndogo ninayoimudu.

Nisikilizeni. Kwa kaka mama ana chumba chake, ana televisheni yake, na ana kimya chake. Kaka na mkewe wanatoka asubuhi wanarudi usiku. Mama yangu, mwanamke anayeongea na muuza mkaa mpaka mkaa unasahaulika, akakae na televisheni? Mara ya mwisho alikaa huko mwezi mmoja, akarudi amekonda na anaongea polepole kama mtu aliyesahau maneno.

"Mama, subiri mwezi uishe," nikamwambia.

"Nikisubiri hapa, namsubiri nani? Wewe mwenyewe hupo."

Neno hilo lilinikaa kifuani.

Kesho yake nikaingia kwa Mzee Mizania.

"Mzee, naomba unirudishe chini."

"Chini wapi?"

"Nilikokuwa. Cheo nakurudishia, nirudishie ovataimu yangu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia tangu aanze kazi hajawahi kuona mtu anakataa kupanda, na kwamba nikizoea nitamshukuru. Halafu akasema kwa upole, kama baba anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu:

"Binti, saa ni za vibarua. Msimamizi hahesabiwi saa. Anaangaliwa kazi yake, imekwisha au haijaisha. Basi."

Nikatoka nimevimba. Nikashuka ngazi nikimsema moyoni kwa maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika.

Katikati ya ngazi nikasimama.

Msimamizi hahesabiwi saa...

Kama hakuna anayehesabu ninapokaa, nani atahesabu ninapoondoka?

Siku iliyofuata niliingia kazini kama mtu aliyetumwa. Sikupiga soga na mtu, na aliyenizoea anajua hayo ni mateso ya aina gani. Saa kumi na moja kazi yangu ya siku imekwisha. Nikachukua mkoba, nikasimama.

Chupa ya chai ikatokea.

"Unakwenda wapi, shoga? Yule mchumba wa pili amejua."

"Amejua nini?"

Nikakaa.

Msinitukane, na mimi ni binadamu! Nilikaa, nikasikiliza, nikanywa na chai. Nilipofika nyumbani giza limeshaingia zamani, begi la mama lilikuwa limesimamishwa karibu na mlango. Limeshafungwa.

Usingizi haukuja. Asubuhi nikapita meza hadi meza. Nikawaambia Wasimamizi wenzangu maneno ya Mzee kama alivyoyasema, neno kwa neno. Wengine waliogopa, wengine wakacheka, lakini kila mtu alikuwa na nyumba yake na watu wake. Tukakubaliana: leo saa kumi na moja, kazi ya siku ikiwa imekwisha, wote tunainuka.

Nikadhani Redio atafurahi. Ndiye niliyemwambia wa mwisho, kama zawadi.

Uso wake ukabadilika. Akanivuta mpaka stoo ya karatasi, akafunga mlango.

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie nini? Mimi nakwenda kwangu."

"Mkiondoka wote, nafunga ofisi. Nikifunga, na mimi nimekwisha."

Sikuelewa. Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kupitia.

"Funguo ziko kwangu. Saa zangu zinasimama mtu wa mwisho akitoka. Mimi sikupandishwa, shoga... mimi bado nalipwa ovataimu."

Nikayakumbuka maandazi yangu ya kila asubuhi.

"Kwa hiyo ile chai..."

"Chai nilikuwa nanunua kwa pesa yangu," akasema, kana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inaniuma.

"Na zile habari?"

Akaanza kupanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Redio. Bwana Ushuru na wale wachumba wawili."

Akainamisha kichwa.

"Bwana Ushuru ana mke mmoja. Tena wanapendana."

Wapenzi wangu, mshahara uliposhuka niliumia. Mama alipofunga begi niliumia zaidi. Lakini hapa! Mtu kanikalisha kazini bure jioni zote zile, yeye analipwa kila dakika ninayofungua mdomo kwa mshangao, na umbea wenyewe ni wa kutunga? Shangazi yangu alikuwa anamwombea kwa Mungu yule mwanamke wa pili. Kwa jina! Jina ambalo Redio alilitunga akiwa anamimina chai!

"Na mimi nalipa kodi ya nyumba," akasema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Jibu lilikuwepo, lakini nilipolitazama vizuri nikaona na mimi huenda ningefanya kama yeye. Nikafungua mlango nikatoka.

Saa kumi na moja tukainuka. Wote. Viti vikasogea kwa pamoja, utadhani ibada imekwisha. Tulipopita chumba cha Bwana Ushuru nikamwambia na yeye atoke. Kila mtu alimpa mkono kwa heshima, mwingine akamwomba msamaha, na yeye maskini anaitikia tu, hajui kafanyiwa nini.

Chini barabarani tulisimama kama kuku waliofunguliwa banda. Jua lipo. Maduka yako wazi. Hakuna aliyejua watu hufanya nini muda ule.

Sasa msisubiri niwaambie Mzee Mizania alirudisha ovataimu. Hakurudisha. Hajarudisha mpaka leo, na nikiandika hapa damu bado inachemka. Alitutisha kwa barua, akatutisha kwa mdomo, akasema tunaua ofisi. Kazi za mchana zilikuwa zinakwisha mchana, zile alizojirundikia zinangoja kesho, na wateja wakaanza kumpigia simu yeye.

Akaniita.

"Wateja wanalalamika, binti."

"Mzee, saa ni za vibarua."

Halafu, nawaapia, akafungua droo, akatoa barua mpya. Alitaka kunifanya Msimamizi Mwandamizi.

Nikamwachia kalamu yake mezani.

Nyumba ile niliikosa. Nilimrudishia mwenyewe, aweke watu waliopanda kweli. Tukahamia nyumba ya vyumba viwili, makochi mengine tukayauza kwa sababu yaligoma kupita mlangoni. Mdogo wangu analala sebuleni. Shangazi hakuulizwa na hakuuliza. Siku ya kuhama tulimkuta amekaa mbele kwenye gari la mizigo, karibu na dereva.

Na mama hakwenda kwa kaka. Siku ya kwanza niliporudi jua lipo, alinitazama, akatazama nje kuhakikisha, akauliza kama nimefukuzwa. Siku ya pili vilevile. Wiki ilipokwisha alilifungua begi, nguo moja moja.

Ningeishia hapo. Lakini kuna la Jumapili iliyopita.

Mchana, nyumba imejaa, mlango ukagongwa. Redio.

Tulikuwa tunasalimiana tu ofisini tangu siku ya stoo. Amevaa vizuri, mkononi ana bahasha. Akasema amekuja kunipa habari mwenyewe kabla sijaisikia kwa watu. Wote tukanyamaza, maana tabia haijafa.

Mzee Mizania amempa cheo. Msimamizi Mkuu. Yuko juu yetu sote, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna faili linalolala bila kukamilika.

"Na ovataimu?" nikamuuliza.

"Shoga, Wasimamizi hawalipwi ovataimu."

"Umeshasaini?"

"Nimesaini juzi."

"Barua uliisoma?"

Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu aliyeshikwa na hajui ajifiche wapi.

"Niliichapa mwenyewe," akasema. "Zote nilizichapa mimi. Za kwenu, na hii."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaweka akiba tangu jikoni kwangu. Yakaniishia yote. Alijua kila kitu, herufi kwa herufi, akajitumbukiza mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini.

"Mnaniita Redio mwaka wa ngapi sasa?" akasema. "Mzee kaniita Msimamizi Mkuu."

Shangazi akampongeza. Mdogo wangu akampisha kiti. Mama akamwekea chai, akamshika mkono, akamuuliza swali ambalo siku ya sherehe yangu, kwenye nyumba iliyojaa watu vile, hakuna aliyeniuliza.

"Hongera, mwanangu. Sasa utakuwa unarudi nyumbani saa ngapi?"

Redio akatazama kikombe. Hakuwa na la kutangaza.

Ndugu yangu unayesoma hii ukiwa bado ofisini, umeficha simu chini ya meza bosi asiione, nisikilize. Kusoma barua ni vizuri, lakini kusoma hakutoshi, maana cheo ni kitamu hata mdomoni mwa aliyekipika. Siku ukiitwa ukavutiwa kiti, kabla hujashika kalamu ya mtu, jiulize lile swali la mama yangu.

Ukikosa jibu, usisaini. Inuka, nenda nyumbani.